Homa ya mtoto wa sikoseli haisubiri kupambazuke: maswali na majibu

Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wa sikoseli wengi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, na mzazi yeyote anayehudhuria kliniki anajua habari za maumivu ya mifupa, kupungukiwa damu na vidonge vya foliki. Kinachosahaulika ni homa. Watoto wanafikishwa hospitali siku ya pili au ya tatu, wameshamaliza mseto wa malaria, wameshamaliza chupa ya panadol, na mzazi anaeleza kwa upole kabisa kwamba "tulikuwa tunaangalia itakuwaje". Maswali haya ndiyo yanayoulizwa zaidi kwenye mabenchi ya kliniki mjini Mwanza na kwenye zahanati za visiwani. Baadhi ya majibu yatajirudia, na ni kwa makusudi.

Sikoseli ni nini, kwa kifupi?

Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto amepokea jeni ya himoglobini S (himoglobini ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu) kwa baba na kwa mama, ndiyo maana anaitwa SS. Chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda umbo la mundu, hukakamaa, na huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Aliyepokea S kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, yaani AS. Yanayofuata hapa hayamhusu huyo, yanamhusu mwenye SS.

Angalieni pia kipimo mlichofanyiwa. Kile cha "sikling" cha kawaida hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 hakiaminiki. Ombeni kinachotenganisha aina za himoglobini.

Ugonjwa ni wa chembe nyekundu. Maambukizi yanaingiaje hapo?

Yanaingilia kwenye bandama, ambayo wengine wanaiita wengu. Imejificha upande wa kushoto chini ya mbavu, na kazi yake ni kuchuja damu. Damu inapita mle polepole, kwenye vinjia vyembamba mno, ili chembe zilizochakaa na vijidudu vikamatwe. Sasa chembe zenye umbo la mundu zikifika kwenye vinjia hivyo zinakwama, zinaziba, na nyama ya bandama inakufa kipande kwa kipande.

Inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia miezi 5 au 6, himoglobini ya uchangani inapopungua, bandama huanza kuharibika. Kufikia miaka 5 watoto wengi wenye SS wana bandama isiyofanya kazi, hata kama ukiipapasa bado ipo. Bandama kubwa si bandama yenye nguvu. Huku kwetu malaria na kichocho navyo huivimbisha, kwa hiyo ukubwa peke yake haukuambii kama inafanya kazi.

Chembe nyeupe zinamezaje bakteria?

Wamezaji wakuu ni wawili: nyutrofili, zinazozunguka kwenye damu, na makrofaji, zinazokaa ndani ya viungo kama bandama na ini. Kwanza wanaitwa. Bakteria akiingia, protini za damu zinazoitwa komplimenti hukatwa vipande, na kimoja kati ya vipande hivyo, C5a, husambaa kama harufu inayoelekeza chembe nyeupe mahali pa tatizo. Kisha lazima wamshike. Wakishamshika wanamzungushia utando wao na kumfungia ndani ya kifuko, halafu wanamwagia humo vimeng'enya, kemikali kali za oksijeni, na peptidi ndogo, yaani vipande vifupi vya protini, ziitwazo defensini ambazo hutoboa ngozi ya bakteria.

Shida iko kwenye kumshika. Nimokokasi, bakteria anayeua watoto wengi wa sikoseli, amevaa koti la sukari linaloteleza. Kumshika ni kama kumshika kambale kwa mkono mtupu; mama anayemwandaa samaki huyo pale sokoni Kirumba, Mwanza, anajipaka majivu kwanza. Majivu ya chembe nyeupe ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnata kijidudu, na kipande kingine cha komplimenti, C3b. Vikishamganda bakteria kwenye koti lake, chembe nyeupe inapata pa kushika.

Na bandama inahusikaje na kumeza huko?

Kwa njia tatu angalau. Ya kwanza ni kuchuja, tumeshasema. Ya pili, bandama ina chembe maalumu zinazotoa kingamwili za haraka dhidi ya bakteria wenye koti la sukari. Ya tatu wengi hawaijui: inaandaa peptidi moja ndogo sana inayozihimiza chembe nyeupe kumeza.

Inaitwa tuftsini. Imepewa jina la Chuo Kikuu cha Tufts kule Boston, Marekani, ambako ilielezwa mwaka 1970. Ina asidi amino (vijenzi vya protini) nne tu, kwa mpangilio huu: threonini, laisini, prolini, arginini. Haitengenezwi peke yake. Imefichwa ndani ya kingamwili aina ya IgG, na ili itoke inahitaji mikato miwili. Mkato wa kwanza, upande wa arginini, hufanywa na kimeng'enya cha bandama. Mkato wa pili hufanywa na kimeng'enya kilicho juu ya nyutrofili yenyewe, baada ya kingamwili kutua pale. Tuftsini ikiachiwa inajishika kwenye chembe ileile, na chembe hiyo inatembea kwa kasi zaidi, inameza zaidi na kuua zaidi.

Bandama ikifa, mkato wa kwanza haufanyiki sawasawa. Kingamwili ipo na nyutrofili ipo, lakini kichocheo hakitoki. Ndiyo maana watu walioondolewa bandama na wagonjwa wa sikoseli wamepimwa na kukutwa na tuftsini kidogo kwenye damu. Sio sababu pekee ya kinga yao kushuka, ila ni sehemu yake.

FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ya mwanangu inaonyesha chembe nyeupe elfu 14. Si ina maana kinga yake ni kubwa?

Hapana. Mtoto wa sikoseli akiwa mzima kabisa, anacheza, mara nyingi ana chembe nyeupe elfu 12 hadi 15 kwa kila maikrolita, kwa sababu mwili wake uko kwenye inflamesheni ya kudumu, yaani kinga imewashwa muda wote. Zinaweza kuwa nyingi na bado zikakosa maandalizi yale ya bandama. Msifarijike na namba hiyo mtoto akiwa na homa. Na mhudumu asiitumie kuwarudisha nyumbani.

Basi tumnunulie dawa za kuongeza kinga, au hizo peptidi zinazouzwa mtandaoni?

Msinunue. Tuftsini ikiwa kwenye damu huvunjwa upesi sana, na hakuna matibabu ya kawaida ya sikoseli yanayotumia tuftsini ya chupa. Mnaouziwa poda za "kuamsha seli za kinga" kwa bei ya mfuko wa mchele mnauziwa maneno. Juisi ya rozela na ya bitiruti ni vinywaji, mpeni mtoto akipenda, lakini hazimezi bakteria. Na vidonge vya madini ya chuma msimpe bila kipimo kuonyesha kwamba yamepungua, maana chembe zake zinavunjika kila siku na chuma chake kinabaki mwilini.

Hela hiyo nunueni kipimajoto.

Homa ni nyuzijoto ngapi, na nifanye nini?

Mkono kwenye paji la uso si kipimo. Tumieni kipimajoto cha kidijitali, kwapani, mkono wa mtoto ukiwa umebanwa kifuani mpaka kilie. Kwapani 37.5 ni homa tayari. Ikifika 38, mtoto wa sikoseli anatoka nyumbani kwenda hospitali. Saa hiyo hiyo. Hata kama anacheza.

Na msisubiri 38 ikiwa anapumua haraka, amegoma kunyonya au kula, viganja vimekuwa vyeupe, shingo imekaza, anasinzia kupita kawaida au amepata degedege. Maambukizi makali mengine humfanya mtoto apoe badala ya kuchemka.

Panadol mpeni, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha mtoke. Mpeni na mtoke, si mpeni na mkae.

Tumempa panadol, homa imeshuka na ameomba uji. Bado tuje?

Ndiyo, mje. Panadol inashusha joto, haigusi bakteria. Mtoto mwenye nimokokasi kwenye damu atashuka joto kwa panadol kama mwenye mafua tu. Anaweza kuomba uji saa mbili usiku na kupoteza fahamu alfajiri. Homa iliyoshushwa na panadol ni homa bado.

Tumepima mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) dukani ni malaria. Tumempa mseto. Si imetosha?

Haitoshi. Hili ndilo kosa linalotuchosha kuliko mengine, kwa sababu linafanywa na wazazi makini, walionunua kipimo na kufuata dozi.

Kwanza, malaria ni hatari kweli kwa mtoto wa sikoseli, inampukutisha damu, kwa hiyo naye alipaswa kuwa hospitali na si dukani. Pili, kipimo kinachotumika sana kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Mtoto aliyetibiwa malaria mwezi uliopita anaweza kuonyesha chanya leo huku kinachomchemsha ni bakteria. Tatu, mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mistari miwili kwenye mRDT haimfukuzi nimokokasi.

Kwa mtoto wa sikoseli mwenye homa, malaria ikionekana inatibiwa, na antibaiotiki inaanza pia. Vidonge vya antibaiotiki vya rangi mbili vinavyohesabiwa dukani kwenye kipande cha gazeti navyo haviingii hapa. Dozi nusu itavuruga kipimo cha kuotesha bakteria na haitamponya.

Ni usiku na hatuna usafiri. Tusubiri asubuhi?

Hapana.

Hesabu ni hii. Nimokokasi akiwa kwenye mazingira mazuri ya maabara anaweza kujigawa kila nusu saa hivi. Toka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 10, yaani migawanyo 20. Bakteria mmoja, asipomezwa na chembe nyeupe, anakuwa zaidi ya milioni moja. Mwilini kasi inatofautiana, lakini kwa mtoto wa kawaida bandama inawapunguza usiku kucha. Kwa mtoto wa sikoseli mpunguzaji huyo hayupo. Ugonjwa ulioanza kama homa ya jioni unaweza kuua ndani ya saa 24.

Jirani mwenye bodaboda aamshwe. Mwenyekiti wa mtaa aamshwe. Baba akiwa ziwani kwenye dagaa, mama asingoje arudi alfajiri ndipo apate ruhusa; jambo hili liongelewe leo, mtoto akiwa mzima, na nauli iwekwe pembeni. Shangazi na bibi wanaobaki na mtoto nao waambiwe. Watu wa Sengerema walikuwa wanakwamishwa na foleni ya kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sababu hiyo imekwisha.

Sisi tuko kisiwani, meli ni ya asubuhi.

Msingoje meli, nendeni kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, iwe Ukara, Kome au Maisome. Mwambieni mhudumu maneno haya kabla hata ya kuandikisha: "Huyu ni mtoto wa sikoseli, ana homa." Sindano ya kwanza ya antibaiotiki ya seftriaksoni, kwa kawaida miligramu 50 hadi 80 kwa kilo, inaweza kuchomwa hapo hapo, hata msulini kama mshipa haupatikani. Baada ya hapo ndipo safari ya hospitali ya Nansio, Sengerema, Sekou Toure au Bugando ipangwe, kwa rufaa. Mhudumu mwenzangu unayesoma hili: choma kwanza, andika rufaa baadaye, na uandike saa uliyochoma.

Hospitalini watachukua damu ya kuotesha bakteria, FBP, kipimo cha malaria na kundi la damu. Antibaiotiki inatakiwa kuingia ndani ya saa moja tangu mfike. Kama mmekaa benchi nusu saa hakuna aliyewasemesha, simameni mkaseme tena. Hamtaonekana wakorofi, na mkionekana si kitu.

Mkipewa ruhusa na sindano zimebaki, zimalizieni. Kuna wazazi wanaoacha siku homa inaposhuka kwa sababu "mtoto amechoka kuchomwa". Wanarudi.

Pen V (penisilini ya kunywa) anayokunywa kila siku ina kazi gani kama bado tunakimbizwa hospitali?

Inapunguza sana uwezekano, haiuondoi. Mwaka 1986 huko Marekani, utafiti wa watoto wadogo wenye sikoseli ulionyesha penisilini ya kunywa inapunguza maambukizi ya nimokokasi kwa asilimia 84, na ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri mno. Dozi ni hii: miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia umri wa miezi 2 hadi afikishe miaka 3, kisha 250 mara mbili kwa siku hadi miaka 5 angalau. Ukiwa na vidonge vya 250, kata nusu, ponda, changanya na maji kidogo kwenye kijiko. Nafasi kati ya dozi ni saa 12. Ukisahau moja, usimpe mbili kwa mpigo. Mwenye mzio wa penisilini anapewa erithromaisini.

Kinachoharibika hapa ni kimoja: dawa inaisha tarehe 20, kliniki ni tarehe 3, na mzazi anaacha wiki mbili kwa kuwa mtoto "yuko vizuri". Yuko vizuri kwa sababu ya dawa. Njooni kuchukua kabla haijaisha.

Chanjo nazo zisirukwe. Ya nimokokasi imo kwenye ratiba ya taifa tangu 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na pentavalenti inayokinga Hib, bakteria mwingine mwenye koti. Chanjo zinazalisha kingamwili, yale majivu tuliyoyasema. Na mtoto mwenye chanjo zote, anayekunywa Pen V bila kukosa, akipata homa ya 38 anakuja hospitali usiku huohuo. Ndiyo, hata huyo.

Bibi yake anasema bandama ichanjwe.

Kwa heshima zote kwa bibi, hapana. Tunawapokea watoto wenye mistari ya wembe ubavuni kushoto, imepakwa unga mweusi, mingine ina usaha. Chale haifiki kwenye bandama, inaishia kwenye ngozi, na inachofanya ni kuwafungulia bakteria mlango kwa mtoto asiye na mchujo. Wembe na unga vinaweza kuleta pepopunda pia. Na siku iliyotumika kwa mganga ndiyo siku ya sindano ya kwanza iliyopotea.

Bibi ana kazi nyingine ya maana: kuipapasa. Mtoto alale chali, magoti yamekunjwa. Anza na ncha za vidole karibu na kitovu, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto, kila mtoto anapovuta pumzi simama usikilize. Ukingo mgumu ukigonga vidole, hiyo ni bandama. Pima imeshuka vidole vingapi chini ya mbavu na ukumbuke. Fanya hivyo kila siku wakati wa kumwogesha. Ikiwa jana vidole viwili na leo vinne, na viganja ni vyeupe, damu inakusanyikia humo na mtoto anaweza kufa kwa saa chache. Hapo pia ni hospitali mara moja, na hospitali yenye damu. Hali hii huwapata zaidi watoto walio kati ya miezi 6 na miaka 5.

Haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli ya kumeza, inasaidia kuzuia maambukizi?

Inasaidia. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache, malaria chache na maambukizi machache. Ila dawa yenyewe inaweza kushusha nyutrofili, kwa hiyo FBP ni lazima kila inapoagizwa. Msiinunue kwa kuulizana.

Mwanangu ana miaka 14, hayo ya homa si yameisha?

Hatari inapungua, haiishi. Bandama yake haikuota tena. Kanuni ya homa ni ileile, akiwa shule ya bweni pia, na matroni apewe barua ya kliniki kabla muhula haujaanza, sio baada ya simu ya saa nane usiku.

Na inawahusu wasio na sikoseli walioondolewa bandama baada ya ajali, mara nyingi ya bodaboda, ambao mshono ukipona wanasahau kabisa. Kama upasuaji ulikuwa wa dharura, chanjo ya nimokokasi na zile nyingine za bakteria wenye koti huchomwa kuanzia wiki 2 baada yake. Kama umepangwa, angalau wiki 2 kabla. Muulizeni daktari aliyewapasua kama zilitolewa, kwa kuwa mara nyingi hazikutolewa, na mwandike kwenye kadi ya kutembea nayo mfukoni: "Sina bandama. Nikiwa na homa nahitaji antibaiotiki mara moja."